Fimbo Iliyokosa Mwizi

Siku mliponiaga kituoni mlinipa saa ya ukutani, mkanivika shada la maua, kisha mkasimama mmoja baada ya mwingine kunisifu. Nilisikia mazuri mengi juu yangu ambayo mke wangu hajapata kuyasikia. Baadaye kijana mmoja wa kaunta akaniuliza, "Mzee Mhina, mbona uliinamisha kichwa muda wote? Tumekukosea?" Hamkunikosea, wanangu. Mimi nikisifiwa mbele za watu huona aibu mpaka masikio yakapata moto, na aibu hiyo ina asili yake. Mliniomba niwaachie mambo mawili matatu ya kazi ya polisi, nami nimeona niwaachie hili. Habari za vyeo na mishahara mtazisikia kwa wengine. Zangu hazikuwa za kumtia mtu hamu.

Nilipangiwa Tanga miaka ya hamsini, nikiwa kijana wa Bweni, ng'ambo ya mto Pangani, Mzigua kwa baba na kwa mama. Siku ya kwanza nilipewa kaptura iliyotiwa wanga ikakakamaa, ukiiweka chini inasimama yenyewe. Mtoto wa pwani aliyelelewa kufunika magoti alitembezwa mjini na magoti yake nje, na wakwe zake wanapita sokoni. Nilijifunza kupita barabara za nyuma. Aliyenipokea alikuwa Sajini Mbaruku, Mdigo mfupi mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, ambaye sikumwona hata siku moja akikimbia. Alisema askari akikimbia watu wanadhani kuna vita.

Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Alinifundisha kung'arisha vifungo vya shaba kwa jivu na ndimu, ukitanguliza kibao chenye ufa chini ya kifungo ili nguo isichafuke. Alinifundisha kuvaa viatu vya serikali, kwamba unavilowesha kwanza, unatembea navyo vikiwa vimelowa, na unavumilia. Firimbi alinipa mwisho, naye aliinyoosha mbele ya macho yangu kama mtu anayempa mtoto wembe.

"Hii, ukishaipuliza, haimezwi," akasema. "Watu wote watageuka kukutazama, na huyo uliyemkusudia atakuwa mwizi hata kama si mwizi. Basi kwanza tumia ulimi."

Zamu zangu zilikuwa sehemu mbili. Raskazone nililinda nyumba za Wazungu, na huko adui yangu alikuwa mbwa. Wezi wa Raskazone walikuwa wachache na waungwana, lakini mbwa wa pale hawakuitambua sare ya Malkia wao. Ngamiani ndiko kulikokuwa na kazi yenyewe: mume na mke, mpangaji na mwenye nyumba, mbuzi na shamba la mihogo. Sajini akiitwa kwenye ugomvi hakuanza kuuliza nani kafanya nini. Alikaa, akaomba maji, kisha akamgeukia mshitakiwa: "Weye nani kwake?" Akishajua kama ni shemeji, au mkwe, au mtani, nusu ya kesi ilikuwa imekwisha. "Jambo lile lile," aliniambia tukirudi, "likifanywa na mtu baki ni kosa, likifanywa na mwenye haki nalo ni heshima. Sheria ya kitabuni haina pahala pa kuliandika hilo. Ndiyo maana wakatuweka sisi."

Niliyasikia hayo kwa masikio yangu mawili. Myakumbuke mnaposoma yanayofuata.

Sijui kama utani mnaujua nyinyi wa leo, zaidi ya kuchekana ofisini kwa ajili ya mpira. Sisi Wazigua watani wetu ni Wanyamwezi. Babu zao walipita kwetu na misafara ya kuteremka pwani, wakapigana na babu zetu, wakachoka, wakapatana. Tangu hapo Mnyamwezi akinikuta njiani ataniita mtumwa wake, nami nitamwita wangu, na hakuna wa kukasirika. Atakayekasirika ndiye atakayelipa kuku. Lakini utani wenyewe unaonekana msibani. Wafiwa wanalia, hawana nguvu. Mtani ndiye anayekuja na nguvu zake. Anachota maji, anachimba kaburi, anawatukana waliao mpaka wanacheka bila kutaka. Huvaa nguo za marehemu akamwigiza. Huingia kaburini akalala, akakataa kutoka mpaka akombolewe. Na huchukua kitu cha ndani akakimbia nacho, watu wakamfukuza wakipiga kelele za mwizi, na kukikomboa ni kumpa kuku na maneno matamu. Kwetu maiti aliyezikwa bila mtani huhesabiwa kama aliyezikwa njiani, mbali na kwao.

Basi alifariki fundi mmoja wa kushona pale Ngamiani, Mzigua mwenzangu, mzee Sefu, aliyekuwa akichechemea mguu wa kushoto. Alimwacha mjane, Bi Mwanaidi. Mtani wake mkuu alikuwa Maganga, Mnyamwezi aliyekata mkonge mashambani ujana wake wote, kisha akahamia bandarini kubeba mizigo. Mtu mkubwa, mwenye shingo nene, mdomo wake hauna mlango. Mimi alikuwa akiniona lindoni ananipigia saluti kwa mkono wa kushoto na kuuliza, "Mtumwa wangu, nani kakuvalisha nguo za mtoto?" Watu wakacheka, nami nikacheka, na siku yangu ikawa nyepesi.

Mchana wa msiba huo nilikuwa ndani ya gari na Bwana Inspekta, Mzungu kijana aliyetoka kwao majuzi tu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na hamu ya kutenda mema, na hamu hiyo ilikuwa haijapata pa kutua. Tulipokata kona tukamkuta Maganga katikati ya barabara, kavaa kanzu ya marehemu iliyomwishia magotini, anachechemea mguu wa kushoto, cherehani kichwani, anakimbia. Nyuma yake kundi zima la wafiwa, wengine machozi hayajakauka, wanapiga kelele: "Mwizi! Mwizi huyo! Kaiba cherehani ya marehemu!"

"Simamisha gari!" Inspekta alisema. "Askari, kamata yeye!"

"Bwana, huyu si mwizi. Ni mtani."

"Mtani ni nini? Ni ndugu yao?"

"Hapana, bwana."

"Mwenye mali amempa ruhusa?"

"Hahitaji ruhusa, bwana. Pale kuna msiba, na yeye..."

"Anaiba nyumba ya maiti?" Uso wake ulikuwa mwekundu kwa uchungu wa kweli. "Kamata! Hii ni amri."

Nilishuka. Nimeyapitia mara nyingi maneno ambayo ningeweza kuyasema pale. Ningeweza kuomba tumngoje Sajini Mbaruku, aliyekuwa barabara ya pili tu. Lakini nilikuwa askari mpya mwenye vifungo vinavyong'aa, nimeamriwa kwa sauti kubwa mbele ya watu, na mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye firimbi. Nikaipuliza.

Maganga akasimama, akageuka. Aliponiona uso wake ulijaa furaha. Alidhani Mzigua mwenzao nimeingia mchezoni, na kwamba nimewashinda wote kwa kuja na sare kamili na gari la serikali. Aliteremsha cherehani taratibu, akaifuta vumbi kwa kanzu, akanyoosha mikono yote miwili.

"Nifunge, mtumwa wangu!" akapaza sauti. "Nifunge, lakini leo huyo kuku awe na vifaranga vyake!"

Watu wakaangua kicheko. Mimi nikamfunga pingu. Alicheka mpaka tukafika garini, alicheka njiani, akamwigizia Inspekta namna marehemu alivyokuwa akitia uzi sindanoni. Aliacha kucheka mlango wa mahabusu ulipofungwa na Inspekta akaondoka na ufunguo. Alinitazama kati ya nondo, tena kwa upole, kama mtu anayemsubiri mwenziwe amalize masihara.

"Haya, Mhina. Basi. Kaburi halijachimbwa."

"Bwana kaondoka na ufunguo," nikamwambia.

"Kaburi halijachimbwa," akasema tena. Halafu akakaa chini akiwa ndani ya kanzu ya marehemu, akanipa mgongo.

Mzee Sefu alizikwa baada ya alasiri. Kaburi lilichimbwa na majirani. Hakuna aliyelala ndani yake wala kumtukana mtu, na nimeambiwa kwamba kelele iliyosikika ilikuwa ya majembe tu. Bi Mwanaidi, ambaye hakupaswa hata kutoka nje kwa kuwa alikuwa kwenye eda, alikuja kituoni kajifunika gubigubi, kasindikizwa na dada yake, na chakula kilichofunikwa kawa.

"Mwanangu," akaniambia, "miye sikuibiwa. Nipe mtani wangu."

Inspekta aliporudi nilimtafsiria. Alisikiliza kwa makini sana, akaniambia kwa Kiingereza, nami nikakielewa kuliko nilivyopenda, kwamba mama wa watu anamwogopa mwizi huyo, na kwamba ndiyo sababu hasa ya sisi kuwa imara. Nikajaribu tena. Akanipiga bega. Mahali ambapo mtu mbaya angenisikia, mtu mwema hakunisikia.

Sajini Mbaruku ndiye aliyekwenda kwa hakimu asubuhi yake, akakaa, akaomba maji, akaeleza. Hakimu alikuwa mtu wa hapa hapa. Inasemekana alicheka kwanza, kisha akashika tama. Maganga akaachiwa bila kesi. Alipotoka aliivua ile kanzu, akaikunja vizuri, akaiacha juu ya kaunta yangu. Sikutukanwa hata tusi moja. Nilijiambia ni uchovu.

Nilidhani limekwisha. Kumbe Inspekta alikuwa amekwisha kumwandikia mkubwa wake, na ile siku ya kila mwaka ya kuwatunza watumishi bora wa polisi ilikuwa inakaribia. Mnaijua siku hiyo, ingawa nyinyi mnafanyia ukumbini na soda. Sisi tulifanyia uwanjani, juani, na bendi. Mwaka huo alitunzwa mpishi wa mahabusu, aliyekuwa na kipaji cha kuugawa ugali bila kumdhulumu mtu. Alitunzwa dereva, na Mshambaa mmoja, konstebo, aliyejitosa bandarini akamwopoa baharia aliyekuwa akizama. Na wa kwanza kuitwa kuliko wote nikawa mimi.

Nilikwenda kwa Sajini kabla ya siku yenyewe, nikamwomba anitoe kwenye orodha. Nilimwambia nitasema naumwa.

"Serikali hairudishiwi sifa yake," akanijibu. "Utaipokea. Lakini hapa hukumkosea Mzungu, yeye umemfurahisha. Nenda kwa wenyewe."

Nikaenda. Nilinunua kuku jike, nikamchukua kwapani mpaka walikokuwa wakikaa Wanyamwezi wa bandarini. Nilikuwa nimejiandaa. Njia nzima nilijitungia matusi watakayonipa, na mengine yalinichekesha mwenyewe. Nilipofika Maganga alikuwa akisokota kamba ya mzigo. Akasimama. Mtu wa umri wa baba yangu mdogo, akasimama, akafuta mikono.

"Karibu, afande," akasema.

"Maganga, nimekuja kulipa. Mtumwa wako nimekosa."

"Hukukosa, afande. Ulikuwa kazini." Akamwita mkewe amletee afande kiti. Kuku hakumpokea. Alisema serikali ikimkuta na kuku asiye wake atajieleza vipi? Nilimtazama nione kama kuna tabasamu limejificha popote. Hapakuwa na kitu. Nilirudi na kuku wangu kwapani, na Tanga nzima ikaniona.

Siku ya gwaride Ngamiani yote ilihamia uwanjani, kwani bendi ilikuwa bure. Karani alisoma kwa sauti ya mimbari kwamba Konstebo Mhina, kwa wepesi na ushupavu, alimkamata mwizi hatari mbioni na kuokoa mali ya mjane. Nilisikia kundi la watu likivuta pumzi. Nikaomba Mungu Maganga awe pale. Msinielewe vibaya: niliomba awepo anitukane. Angeingia uwanjani akichechemea na gogo kichwani, angenipigia saluti ya mkono wa kushoto, angenivua nguo mbele ya Bwana Mkubwa na mkewe, watu wangecheka mpaka wakae chini, na mimi ningepona. Hata kama ningefukuzwa kazi, ningepona.

Alikuwepo. Kavaa kanzu yake mwenyewe, nyeupe, iliyopigwa pasi, kasimama mstari wa mbele. Bwana Mkubwa akanikabidhi fimbo nyeusi yenye kichwa cha shaba, fimbo ya sifa. Watu wa Ngamiani wakakunja mikono. Upande wao Maganga peke yake akapiga makofi, taratibu, kwa adabu, kama inavyompasa raia mwema, akaacha wakati ule ule Wazungu walipoacha. Nyuma yangu alikuwa amesimama yule Mshambaa aliyemwopoa baharia, akisubiri zamu yake. Sikuweza kugeuka kumtazama.

Nilifanya kazi. Mtu huendelea. Nilihamishwa, nikarudi, nikawa koplo. Kila nilipompita Maganga bandarini aliniamkia yeye kwanza, na Wanyamwezi wengine wote waliokuwa naye, wazee kwa vijana, waliacha mzaha wao mpaka nimepita. Ndipo nilipojua kwamba hasira ya mtani haina kelele. Anakupa tu heshima ya mtu baki.

Kisha, kabla miaka hiyo ya hamsini haijaisha, akafariki baba. Habari ilinifikia Tanga asubuhi, nikapanda gari la Pangani. Sijui kilichonituma, lakini niliichukua ile fimbo. Nilivuka kivukoni nayo nikiwa nimeifunga ndani ya kanga ya mke wangu. Nilipofika nyumbani, kabla hata sijakaa na wafiwa, niliisimamisha mlangoni kwa baba, nje, penye jua, shaba yake ikimeta. Hapakuwa na kitu kingine pale cha thamani kama kile, na kipofu angekiona. Nikaenda kukaa jamvini, nikasubiri kuibiwa.

Wanyamwezi walikuja. Hilo sitawasingizia. Walikuja kundi zima kutoka Tanga, Maganga mbele, sasa mvi zimemwingia. Nilipowaona nikasahau hata kulia. Wakatoa pole, wakasoma Fatiha, wakakaa kimya pembeni pamoja na wageni wa mbali. Walipoombwa washike jembe walishika, wakachimba vizuri, kaburi limenyooka. Hakuna aliyeingia kulala. Mama yangu, kule ndani na wanawake, alikuwa akichungulia dirishani kila mara. Mwishowe alimtuma dada yangu aniulize: "Watani mbona hawajafika?"

Tuliporudi kutoka kaburini nilimwona Maganga anaelekea mlangoni kwa baba. Alisimama mbele ya fimbo. Aliitazama, akainama, akaichukua. Nilinyanyuka pale jamvini, sikujali wanaonitazama. Kifua kilikuwa kimejaa ile kelele ya mwizi, ilikuwa imefika kooni. Ningeipiga ikasikika ng'ambo, ningemfukuza mpaka mtoni nikilia na kucheka.

Alikuja nayo mpaka nilipo. Aliifuta vumbi kwa kanzu yake, akainyoosha kwangu kwa mikono miwili.

"Umeisahau fimbo yako, afande," akasema. "Mahali pa watu wengi, isije ikapotea."

Nikaipokea. Baada ya arobaini tuliingia chumbani kwa baba kugawa vitu vyake. Kanzu zilikuwa msumarini. Jembe lilikuwepo, na panga, na sufuria za mama, na bakora yake ya mkwaju. Hapakupungua hata kijiko, na mama alipoona hivyo alikaa kitandani akalia kuliko siku ya msiba.

Maganga naye amekwisha kutangulia. Nilipopata habari alikuwa ameshazikwa, na wanawe hawakuona sababu ya kumpelekea habari afande. Nilikwenda peke yangu makaburini, nikasimama nikamtukana mtumwa wangu matusi yote niliyokuwa nimeyatunga njiani siku ile ya kuku. Mlinzi wa makaburi alinifukuza.

Sasa jirani yangu hapa ninapokaa ni Mnyamwezi, kijana fundi wa redio, na nimeanza naye upya. Juzi aliniita kizee cha kununuliwa. Nilifurahi sana, lakini sikumwonyesha. Ile saa yenu nimeitundika karibu na mlango, kwa msumari mmoja tu, tena uliolegea. Siku yangu itakapofika najua mtakuja na sare zenu, na mmoja wenu atataka kusoma sifa. Asisome. Na mkimwona mtu anatoka mbio nyumbani kwangu na saa ya ukutani kichwani, watu nyuma yake wanamwita mwizi, nawaomba, wanangu, firimbi zenu ziacheni mifukoni.